Kabla ya Tairi, Jembe

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa waendeshaji wa baiskeli za milimani, mwanzoni mwa msimu wa matengenezo ya njia

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliozikata njia hizi kabla wengi wetu hatujajua hata kurudisha cheni iliyochomoka, dada zangu na kaka zangu mnaoendesha, na ninyi mliokuja leo kwa mara ya kwanza na baiskeli ambazo matairi yake bado yana vile vinywele vya raba vya dukani: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie baiskeli za matairi manene, kwa sababu zimeongezeka kati yetu na zimezua maneno. Wapo wanaosema zinaharibu njia. Wapo wanaosema haziwezi kuharibu chochote kwa kuwa zinaelea juu ya ardhi. Mimi nimeziendesha miaka kumi na mmoja, nazipenda kuliko baiskeli yoyote niliyowahi kuikalia, na naona pande zote mbili zinalikodolea macho tairi wakati habari yenyewe iko chini yake. Kwa hiyo mniwie radhi. Tairi nene nitalifikia, lakini naanza na maji.

Njia yetu ikifa, mara nyingi muuaji ni maji. Sisi tunayafungulia mlango tu. Chukueni njia inayoshuka wima kutoka kileleni hadi bondeni, ile ambayo mtu asiye na uzoefu angeichora kwa kuwa ndiyo fupi. Mvua ikinyesha, maji nayo yanatafuta ufupi huohuo, yanaikuta njia yetu imekwisha kuchimbwa, yanaingia. Yakishaingia hayana pa kutokea. Yanashika kasi, na maji yenye kasi hubeba. Udongo laini unaondoka kwanza, kokoto zinabaki, kisha mizizi inachomoza, kisha mawe. Mwendeshaji akifika pale anaona katikati hapapitiki, anapita pembeni. Pembeni nako kunachimbika, anayefuata anapita pembeni zaidi. Misimu michache baadaye kijia kilichokuwa na upana wa mabega kimekuwa na upana wa lori, na hakuna lori lililowahi kufika kule.

Wachora njia wamejifunza kuyazuia haya, na hesabu yao si ngumu. Wanaiita kanuni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa mlima inapopita. Ubavu ukiwa na asilimia 16, njia isizidi 8. Ukizidisha hapo, maji yanaacha kuivuka njia na yanaanza kuifuata. Juu ya hiyo kuna kipimo kingine cha jumla, kwamba wastani wa njia nzima ubaki chini ya asilimia 10. Halafu uso wa njia unainamishwa kidogo kuelekea bondeni, kama asilimia 5, ili tone likianguka lishuke upande wa pili bila kukaa. Na kila baada ya kipande fulani, njia inayopanda inashushwa kidogo kisha inapanda tena, ili maji yaliyoponyoka yakutane na kibonde na yatolewe nje.

Yale mawimbi mnayoyapenda, mnayoinulia gurudumu la mbele huku mkicheka, ni mitaro ya kutolea maji. Aliyeyachimba alikuwa anawaza mvua. Raha yenu ilikuja bure.

Lakini hata njia iliyochorwa vizuri haikai ilivyoachwa. Kila tairi na kila kiatu kinasukuma udongo kidogo kuelekea nje, na baada ya muda ukingo wa nje unaota tuta dogo, pengine la kimo cha vidole viwili. Halionekani kitu. Ila tuta hilo linatosha kuyafungia maji ndani ya njia, na ile asilimia 5 yote iliyopimwa kwa jasho inakuwa haina kazi. Sehemu kubwa ya matengenezo tunayofanya kila msimu ni kulikwangua tuta hilo na kuurudisha udongo mahali pake. Kazi ya kuinama, ya reki na jembe, isiyopigwa picha na mtu. Hapa ndipo methali ya ufa na ukuta inapokuwa maelezo ya kazi: asiyekwangua vidole viwili mwaka huu, mwaka ujao atabeba mawe kwa toroli.

Sasa niwaambie kosa langu, maana sitaki mtu adhani nazungumza kutoka juu ya kiti.

Mwaka ule niliponunua tairi nene la kwanza, ilinyesha siku tatu mfululizo. Mwanzoni mwa njia kulikuwa na kibao: subirini ikauke. Nilikisoma. Nikajiambia kibao kile kimeandikwa kwa ajili ya matairi membamba, mimi naelea. Nikaingia. Na siwadanganyi, ilikuwa safari nzuri. Msitu wote ulikuwa wangu, majani yanadondosha maji, tairi linanguruma taratibu kwenye tope kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha na matope.

Siku kumi na mbili baadaye jua lilikuwa limewaka vya kutosha, nikarudi palepale. Kwenye kona iliyo juu ya kijito nikaukuta mfereji wangu. Ulikuwa umekauka kama udongo wa mfinyanzi, meno ya tairi yamechapika ndani yake moja baada ya jingine, hakuna wa kumsingizia. Mvua ndogo ya katikati ilikuwa tayari imeushika na kuanza kuuchimba. Mzee mmoja alikuwa pale na sururu. Akaitazama baiskeli yangu, akainama, akapima upana wa mfereji kwa shubiri, akaupima na wa tairi. Hakunigombeza. Akaniuliza tu, "Mwanangu, una saa ngapi leo?" Nikamjibu ninayo siku nzima. Akanipa koleo.

Tulifanya kazi kwa muda wa saa nne kurekebisha mita tatu. Mimi nilikuwa nimeziharibu kwa sekunde moja, labda mbili. Hesabu hiyo sijaisahau, na ndiyo iliyonifanya nitake kuelewa kwa kweli tairi nene linafanya nini likigusa ardhi.

Tuanzie lilikotoka. Tairi nene lina wazazi wawili, theluji na mchanga. Kule Alaska mwaka 1987 yalianza mashindano ya Iditabike, watu wakiendesha baiskeli juu ya njia za theluji zilizoshindiliwa na magari ya theluji na mbwa wa kukokota. Baiskeli za kawaida zilizama. Mafundi wakaanza kuhangaika: wengine waliunganisha rimu mbili ubavu kwa ubavu ili gurudumu liwe pana. Simon Rakower wa Fairbanks akatengeneza rimu ya SnowCat yenye upana wa milimita 44, ambayo leo tungeiona ya kawaida lakini wakati ule ilikuwa ajabu. Kusini kabisa, kwenye joto, Ray Molina alikuwa anataka kuvuka michanga, akatengeneza rimu pana mno na matairi ya inchi 3.5. Hukohuko Alaska, Mark Gronewald akawa anaunda fremu zenye nafasi ya kuyabeba matairi ya namna hiyo. Kisha mwaka 2005 kampuni ya Surly ikatoa Pugsley, yenye tairi la inchi 3.7 juu ya rimu ya milimita 65, na kitu kilichokuwa cha karakana chache kikawa cha mtu yeyote mwenye duka la baiskeli karibu.

Nisimame kidogo kwenye Pugsley, maana ina jambo ninalolipenda. Haba yake, yaani kitovu cha gurudumu, ya mbele na ya nyuma zilikuwa na upana mmoja, kwa hiyo magurudumu yangeweza kubadilishana nafasi. Mtu aliye mbali na msaada, kwenye baridi ya kugandisha haba ya nyuma, angeweza kufunga gia ya akiba ya cheni kwenye gurudumu la mbele, akalihamishia nyuma, akaendelea na safari. Aliyeiunda alimfikiria mtu aliyekwama peke yake gizani. Siku zote nimeona kwamba baiskeli hizi zilizaliwa kwa huruma ya namna hiyo.

Na zimefika mbali. Kuna mbio zinazoifuata njia ya Iditarod, huko Alaska, hadi mji wa Nome, takriban kilomita 1,600, na mshiriki huchagua mwenyewe: baiskeli, skii au miguu. Mwezi Desemba 2013 Maria Leijerstam alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa baiskeli ya magurudumu matatu, na Januari 2014 Daniel Burton akafika kwa baiskeli ya magurudumu mawili, yenye matairi manene.

Siri yake ni upepo. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 90 kwa pamoja, uzito wote huo unabebwa na viraka viwili vya raba vinavyogusa ardhi. Kwa hesabu ya haraka, ukubwa wa viraka hivyo ni uzito ukigawanywa kwa presha iliyomo ndani ya tairi. Tairi la kawaida la mlimani likijazwa psi 30, yaani pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, viraka viwili kwa jumla vina sentimita za mraba 43 hivi, pungufu ya kiganja kimoja cha mtu mzima. Tairi nene likiwa na psi 6, vinazidi 200. Uzito ni uleule, ila umetandazwa mara tano. Mkandamizo wake kwenye ardhi unakaribiana na wa mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Upana wa tairi peke yake hauleti hilo. Mtu akinunua tairi la inchi 4 kisha akalijaza hadi likawa gumu kama gogo, amenunua uzito tu. Na kwenye tairi la inchi 4, psi moja ni kitu kikubwa: ongeza moja baiskeli inadunda kama mpira, punguza moja usukani unakuwa mzito na unataka kwenda wenyewe. Nunueni kipimo cha presha kinachosoma vizuri chini ya 15. Kile cha pampu ya kawaida hakioni huko chini.

Mtu akiniuliza raha yake, hapo ndipo nazungumza hadi naombwa nikae. Bahari ikipwa, mchanga ule wenye unyevu ukabaki mgumu na unang'aa, unaendesha pasipo na njia wala kona wala mtu wa kukupisha, kilomita baada ya kilomita, na kelele pekee ni ya wimbi. Kwenye theluji usiku, walioonja wanajua, tairi linalia kwa mkwaruzo mdogo kama kiti kikuukuu, na mwanga wa taa unarudi kwako kutoka kila upande. Msituni kwenye majani makavu yaliyorundikana, baiskeli inapita kama inasukumwa. Mwendo ni wa polepole. Nimeona ndege wengi zaidi tangu nihamie tairi nene kuliko miaka yote niliyokuwa nakimbiza muda.

Na linasamehe. Mzizi ambao tairi jembamba lingeugonga na kukutupa, tairi nene linaumeza. Nimewafundisha watu walioanza kuendesha milimani wakiwa wamepita miaka 50, watu wenye woga wa haki kabisa wa kuanguka, na nimewaona mabega yao yakishuka katika nusu saa ya kwanza kwa sababu ardhi ilikuwa imeacha kuwapiga. Kama tunataka jumuiya yenye watu wa umri wote na miili ya kila namna, tairi hili limefanya kazi kubwa kuliko mikutano yetu mingi. Ni zito, ndiyo. Mlima mrefu utakukumbusha kila kilo. Sijaona aliyeliacha kwa sababu hiyo peke yake.

Basi kama linatandaza uzito mara tano, mfereji wangu ulitoka wapi?

Kuelea kunahusu uzito unaoshuka wima. Tairi halishuki wima tu. Ukikanyaga pedali mlimani, meno yanaukwangua udongo kuelekea nyuma. Ukishika breki, yanaukwangua kuelekea mbele, na ukifunga breki ya nyuma kwenye mteremko umegeuza baiskeli kuwa plau. Udongo mkavu unavumilia. Mfinyanzi uliolowa hauna nguvu ya kujishika, unateleza kipande kizima. Tena tairi pana linaacha alama pana, maji yanapata mlango mkubwa zaidi. Na kuna udanganyifu mmoja wa ziada: kwa kuwa tairi nene halikwami, halikupi onyo. Tairi jembamba lingezama, ningeshuka, ningerudi nyumbani. Langu lilinipeleka hadi mwisho wa uharibifu bila kulalamika.

Kwenye theluji nako kuna adabu yake. Njia iliyoshindiliwa kwa ajili ya watu wa skii imegharimu saa za mtu na mafuta ya mashine. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni hiki: tairi lisipungue inchi 3.7 au 3.8, presha iwe chini, na ukiona alama unayoacha ina kina kinachozidi inchi moja, shuka, siku hiyo si yako. Mistari miwili ya skii iliyochongwa pembeni haiguswi kabisa. Na kipindi kibaya kuliko vyote ni pale barafu ya ardhini inapoanza kuyeyuka mchana na kuganda usiku: juu tope la vidole vitatu, chini pagumu kama saruji, maji hayana pa kunyonywa. Asubuhi na mapema ardhi ikiwa bado imeganda, endesha. Saa sita mchana ukiwa bado uko juu, unaichuna njia.

Mchanga nao hauko wazi kama unavyoonekana. Ufukwe wa juu, juu ya alama ya maji kujaa, ndiko ndege wanakotaga mayai ya rangi ya mchanga na kasa wanakochimba viota, na ndiko kuna ile mimea midogo inayoyashika matuta yasihame. Bakini chini, kwenye unyevu. Mkirudi osheni baiskeli, chumvi haisubiri kesho. Na katika majangwa kama ya Utah, karibu na Moab ambako waendeshaji wa milimani wamekuwa wakimiminika kwa miongo, udongo una ganda jeusi lililo hai, limefumwa na viumbe wadogo wasioonekana pamoja na kuvumwani. Ganda hilo ndilo linaloushika mchanga usipeperuke. Likivunjwa linaweza kuchukua miongo kurudi. Baiskeli inayoweza kupita popote ni hatari sana mahali kama pale, na ndiyo maana anayeiendesha anatakiwa kuijua ardhi kuliko mwenye tairi jembamba.

Niseme sasa kuhusu sisi wenyewe, maana baadhi ya maneno niliyoyasikia hayahusu udongo.

Mchezo huu ulianzia kwenye barabara za udongo za wazimamoto huko Marin, California. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wachache walishindana kushuka mteremko wa takriban mita 400 kwa kilomita zinazozidi kidogo 3, wakiwa na baiskeli kuukuu nzito zenye breki ya kukanyagia nyuma. Grisi ndani ya haba ilichemka na kutoka moshi, ikabidi ipakwe upya kila baada ya mshuko, na mteremko ukaitwa Repack, yaani kupaka upya. Mwaka 1977 Joe Breeze akaanza kuunda fremu mahususi kwa kazi ile. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuziuza, fremu zikitoka kwa Tom Ritchey. Mwaka 1996 mchezo ulikuwa kwenye Olimpiki. Miaka 20 kutoka kundi la marafiki hadi Olimpiki: mambo yalikwenda haraka mno, na adabu haikuwa na muda wa kukua kwa kasi hiyo. Watembeaji na wapanda farasi walijikuta wanatokewa konani na watu waendao mbio. Milango ikaanza kufungwa. Mwaka 1984 Huduma ya Misitu ya Marekani ilitamka wazi kwamba baiskeli haziruhusiwi kwenye maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa kisheria. Mwaka 1988 klabu tano za California zikaungana na kuunda IMBA, shirika la kimataifa la waendeshaji wa baiskeli za milimani, na jambo nililoliheshimu siku zote ni kwamba shirika lile halikubaki kwenye kulalamika. Lilichukua majembe. Likawafundisha watu wa kujitolea kuchora njia zinazodumu, likawapelekea wenye ardhi watu wa kufanya kazi. Milango mingi iliyofunguka tena ilifunguliwa hivyo.

Kuna utafiti wa John Wilson na Joseph Seney, uliochapishwa mwaka 1994, uliofanyika kwenye njia za Montana. Ulionyesha kwamba kwenye njia zilizolowa kwato za farasi na miguu ya watu hulegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Ni kazi nzuri, nimeisoma. Ila nimechoka kuona waendeshaji wakiitumia kama rungu. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyepitwa kwa kasi bila kengele hahitaji takwimu za udongo. Ameshtuka. Kinachomuumiza ni mshtuko, na dawa ya mshtuko ni kengele, mwendo wa kutembea unapopita, na neno la salamu. Anayeshuka ampishe anayepanda. Sote tuwapishe waendao kwa miguu, na mbele ya farasi usimame kabisa, uzungumze ili mnyama ajue wewe ni mtu. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, pita katikati yake. Kulizunguka ndiko kunakopanua njia. Matope yanaoshwa.

Na wale wenye baiskeli nyembamba mnaowatazama wenye tairi nene kama wageni: wengi wao wamekuja kwenye mchezo huu kupitia mlango huo mpana, na hawajawahi kufundishwa. Mimi nilifundishwa na mzee aliyekuwa na haki zote za kunitukana. Alichonipa ni koleo na siku moja ya maisha yake. Nataka kila mgeni wetu apate mtu wa namna ile katika msimu wake wa kwanza, kabla hajapata wa kumfokea.

Nimeangalia daftari la kazi la msimu uliopita. Majina yaleyale. Mikono ileile michache imekwangua tuta lote, imekata miti yote iliyoanguka, imebeba mawe yote. Baadhi ya mikono hiyo iko hapa mbele na magoti yake hayainami tena kama zamani. Wenzangu, hili linaniuma. Tunaendesha kwa wingi na tunalima kwa uchache. Ombi langu kwa kila mmoja ni siku mbili za jembe kwa msimu, si lazima zifuatane. Vyombo tunavyo. Tuna zile reki za McLeod, upande mmoja meno upande wa pili ukali wa jembe, zilizobuniwa na askari wa misitu. Tuna pulaski, shoka na jembe kwenye mpini mmoja, inayobeba jina la Ed Pulaski, aliyewaongoza wazimamoto wake ndani ya shimo la mgodi katika moto mkubwa wa mwaka 1910 huko Idaho. Asiyejua kuzishika ataonyeshwa. Aliye na mgongo mbovu atapima mteremko kwa kifaa, au atafunga utepe kwenye miti, au atapika chai.

Ile kona juu ya kijito bado inanidai. Tuliijaza, ikashika misimu miwili, kisha maji yakarudi kwa sababu juu yake hakuna kibonde cha kuyatoa. Nimekwenda kuipima juzi. Inahitaji kibonde kirefu mita tano hivi, hatua kumi na mbili kabla ya kona, na mawe bapa pale panapotokea maji ili yasichimbe chini. Kwa watu sita ni kazi ya asubuhi moja. Imenyesha tangu jana, udongo una unyevu, na udongo wenye unyevu ndio unaoshindilika vizuri. Ukikauka utatimka vumbi tu.

Kwa hiyo kesho tunaanza saa moja asubuhi. Sururu mbili, reki tatu na toroli ziko nje mlangoni. Glavu kila mtu aje na zake. Baiskeli ziacheni nyumbani, nene na nyembamba, maana njia bado mbichi. Tunapanda kwa miguu.